Kitabu Kilichoanzia Shimoni

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani kwamba vitabu vya wasomi havituhusu sisi wakulima na wafanyakazi. Hudhani kwamba vitabu hivyo vimeandikwa na watu wa vyuoni, kwa ajili ya watu wa vyuoni. Mwezi huu tutasoma habari za kitabu kimoja cha wasomi. Kitabu hicho kilianzia shimoni. Ndiyo, kilianzia katika shimo la choo. Na mwalimu wake wa kwanza alikuwa mtu wa kutapisha vyoo.

Daktari na mtapishaji

Kitabu hicho kiliandikwa katika nchi ya Italia, huko Ulaya. Katika mji wa Modena alikuwako daktari mmoja, jina lake Bernardino Ramazzini. Alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, karibu na Modena. Alisomea udaktari, akatibu wagonjwa, na baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu.

Siku zile nyumba za Modena zilikuwa zimesongamana. Uchafu wa nyumba uliingia katika mashimo. Kila baada ya miaka mitatu mashimo hayo yalitapishwa. Siku moja watapishaji walifika nyumbani kwa daktari mwenyewe. Daktari alimwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka sana, kama mtu anayefukuzwa. Akamwonea huruma. Akamwuliza kwa nini asifanye kazi polepole ili asichoke.

Mtu yule aliinua macho kutoka shimoni. Alijibu kwamba mtu ambaye hajaingia humo hawezi kujua taabu yake. Alisema kuwa kukaa humo zaidi ya saa nne ni sawa na kupofuka.

Daktari hakuondoka. Alingoja mpaka mtu yule akatoka, akamtazama macho. Yalikuwa mekundu na hayakuona vizuri. Akamwuliza wanatumia dawa gani. Mtu yule alisema hawana dawa. Wakimaliza kazi hurudi nyumbani mara moja. Hujifungia katika chumba chenye giza mpaka kesho yake, na kuosha macho kwa maji ya vuguvugu.

Hapo daktari alikumbuka jambo. Mjini alikuwa amewaona watu waliokuwa watapishaji zamani. Sasa walikuwa vipofu, wanaomba barabarani. Watu wengi walipita mbele yao kila siku, lakini hakuna aliyewauliza kazi iliyowapofusha.

Swali lililoongezwa

Tangu hapo daktari Ramazzini alianza kutembelea mahali watu wanapofanyia kazi. Aliingia katika karakana. Alikwenda kwa wafinyanzi, kwa wafua vyuma na kwa waoka mikate. Hakuona haya kuuliza.

Tangu zamani madaktari walifundishwa kumwuliza mgonjwa maswali. Unaumwa wapi? Umeanza lini? Umekula nini? Ramazzini aliwaambia madaktari wenzake waongeze swali moja. Wamwulize mgonjwa anafanya kazi gani. Aliwaambia pia kwamba wakiingia katika nyumba ya maskini wasiwe na haraka. Kama hakuna kiti kizuri, waketi hata juu ya kigoda, wamsikilize mgonjwa.

Mwaka 1700 kitabu chake kilichapishwa huko Modena. Kilieleza magonjwa ya watu wa kazi zaidi ya 40. Ndani yake wamo wachimba madini, wafinyanzi, wakunga, wafua nguo, wavuvi na wakulima. Mwaka 1713 alikichapisha tena, akaongeza kazi nyingine. Alifariki mwaka 1714, akiwa mzee wa miaka 81.

Lakini kitabu hicho kilikuwa na kasoro moja kubwa. Kiliandikwa kwa Kilatini. Kilatini ilikuwa lugha ya wasomi wa Ulaya. Mtapishaji wa choo hakuijua. Mfinyanzi hakuijua. Maarifa yalitoka kwa wafanyakazi, yakapanda mpaka chuoni, yakakaa huko. Waliokuwa wakiumia hawakuweza kuyasoma.

Ndugu msomaji, Modena ni mbali na kitabu ni cha zamani. Lakini hatari alizoziona daktari yule hazikwisha. Baadhi yake ziko hapa kwetu vijijini. Tuzitazame tatu.

Hatari ya kwanza: Mashine ya kusaga

Ramazzini aliandika habari za watu waliopepeta na kupima nafaka. Aliona kwamba vumbi la nafaka liliwakausha koo na kuwaletea kikohozi kikavu. Macho yao yaliwasha na kutoa machozi. Wengi walikuwa na pumzi fupi, na wachache tu walifika uzeeni.

Sasa tazama ndani ya chumba cha mashine ya kusaga. Msagaji ni mweupe kwa unga tangu nywele mpaka miguu. Unga huo haukai juu ya ngozi tu. Mwingine huingia puani na kifuani kila anapovuta pumzi. Kijana akianza kukohoa, watu husema amepata mafua. Akienda zahanati, asiache kusema kwamba kazi yake ni kusaga. Neno hilo moja linaweza kumsaidia mganga kuujua ugonjwa.

Chumba cha mashine kiwe na madirisha makubwa ili hewa ipite. Msagaji afunike pua na mdomo. Unga uliotapakaa sakafuni uondolewe kila siku.

Mashine ina hatari nyingine mbili. Ya kwanza ni mkanda unaozungusha mashine. Mkanda usio na kinga hukamata kanga, shuka au mkono wa shati. Ukikamata nguo humvuta na mwenye nguo. Kwa hiyo mkanda uwekewe kinga ya bati au wavu wa chuma. Watoto wasikaribie. Mtu asirekebishe mkanda wakati mashine inazunguka. Azime kwanza.

Ya pili ni moshi wa injini. Moshi huo una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Bomba la moshi lazima litokeze nje ya nyumba, mbali na dirisha. Msagaji akiumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, asijikaze. Atoke nje mara moja, na wengine watoke.

Hatari ya pili: Vumbi la mawe

Katika kitabu chake Ramazzini alieleza pia habari za wachonga mawe. Madaktari waliopasua miili ya baadhi yao baada ya kufa walikuta mapafu yamejaa kitu kama mchanga.

Leo wataalamu wanaujua ugonjwa huo vizuri. Unaitwa silikosisi. Huletwa na vumbi laini la mawe. Vumbi hilo likiingia katika mapafu halitoki. Mapafu hupata makovu, yakawa magumu. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Tena mtu mwenye ugonjwa huo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine.

Watu wengi kwetu huponda kokoto na wengine huchimba madini. Akina mama huponda kokoto huku wamebeba watoto mgongoni. Mtoto naye huvuta vumbi lile lile.

Tufanye nini? Jambo la kwanza ni maji. Mawe yaliyoloweshwa hutoa vumbi kidogo. Mwagia maji kabla ya kuponda au kutoboa. La pili ni upepo. Kaa mahali ambapo upepo unapeleka vumbi mbali nawe. La tatu, watoto wakae mbali na kazi hiyo. Kitambaa cha kawaida puani huzuia vumbi nene, lakini vumbi laini la mawe hupita. Kwa hiyo usikitegemee kitambaa peke yake.

Hatari ya tatu: Shimo na kisima

Sasa turudi kwa yule mtapishaji wa Modena. Ni kitu gani kilichomwumiza macho? Siku hizi tunajua kwamba kinyesi kinapooza hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo hunuka kama yai viza. Ikiwa kidogo huwasha macho. Ikiwa nyingi huua upesi. Tena ni ya hila. Ikizidi, pua huacha kuisikia harufu yake. Mtu hudhani hatari imekwisha, kumbe imeongezeka.

Visima navyo vina hatari yake. Hewa mbaya hukaa chini katika kisima kirefu. Mtu akishuka hukosa pumzi na kuanguka. Wako watu wanaoshusha mashine ya mafuta ndani ya kisima ili kuvuta maji. Hilo ni kosa kubwa. Moshi wa mashine hujaa kisimani, na anayeshuka baadaye hufa.

Mara nyingi msiba wa shimoni hauchukui mtu mmoja. Wa kwanza huanguka. Ndugu yake hushuka kumwokoa, naye huanguka. Jirani hushuka, naye huanguka. Wote walikuwa watu wema na jasiri, lakini hewa ya sumu haijali wema wa mtu.

Kwa hiyo shika kanuni hizi. Usishuke katika shimo la choo linalotumika au lililofunikwa siku nyingi. Choo kitapishwe kutoka juu kwa vifaa. Usishushe injini kisimani. Mchimba kisima afungwe kamba imara kiunoni na kifuani, na watu wawili au zaidi wakae juu muda wote wameishika. Akiacha kujibu avutwe. Mtu akianguka bila kamba, usimfuate. Piga kelele, ita watu, na pigeni simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Maarifa yarudi kwa mwenye kazi

Tumesema kasoro ya kitabu cha Ramazzini ilikuwa lugha. Kasoro hiyo inaweza kuondolewa, na nchi yetu ilionyesha njia mapema. Mwaka 1968 ulianza mradi huko Mwanza na mikoa jirani ya Ziwa. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa kutumia vitabu vya kazi zao. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba. Mvuvi alisoma habari za uvuvi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikusanyika vijijini, vikasikiliza redio, vikasoma kijitabu na kujadili. Kisha watu walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Hayakuwa maarifa ya kukaa kabatini.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Inamtaka aweke kinga kwenye mashine za hatari, atoe vifaa vya kujikinga, na awafundishe watu wake. Mfanyakazi naye ana wajibu. Akipewa vifaa avitumie. Akifundishwa kanuni azifuate.

Lakini sheria ikikaa kwenye karatasi bila kusomwa, haina tofauti na kitabu cha Kilatini. Hapa ndipo wewe, ndugu msomaji, unapohitajiwa. Wewe sasa unajua kusoma. Mashine mpya ikifika kijijini, ina maelezo yake. Yasomeni kabla ya kuiwasha. Kama yako kwa lugha ya kigeni, mtafuteni mwalimu au bwana shamba awasomee kwa Kiswahili. Dawa ya kunyunyizia mimea ina karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Soma kipimo chake, soma namna ya kujikinga, na utazame mstari wa rangi chini yake. Mstari mwekundu maana yake ni sumu kali kabisa. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee. Kusoma kwako kunaweza kuokoa macho yake.

Na kama kazi yako inakuumiza, sema. Usidhani ni kawaida ya kazi. Watapishaji wa Modena waliona upofu kuwa ni kawaida ya kazi yao, mpaka alipotokea mtu wa kuuliza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Daktari yule alikuwa msomi mkubwa, lakini hakuona aibu kuuliza shimoni. Nasi tusione aibu kuuliza, wala kujibu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mtapishaji wa Modena alifanya kazi kwa haraka?

2. Kitabu cha Ramazzini kilikuwa na kasoro gani kwa wafanyakazi?

3. Je, mashine ya kusaga ya kijiji chenu ina kinga ya mkanda? Bomba la moshi linatokea wapi?

4. Mtu akianguka kisimani bila kamba, mtafanya nini kwanza?

5. Kila mmoja aeleze kazi yake na jinsi inavyomwumiza mwilini. Andikeni majibu. Pangeni jambo moja la kurekebisha kabla ya mwezi ujao.