Wati za Kwenye Boksi Hazikufundishi Kinanda

Pesa ya kahawa ikianza kuingia, nami naanza kupigiwa simu. Jumamosi iliyopita swali lile lile lilikuja mara tatu kabla ya saa sita mchana, la mwisho kutoka kwa kijana wa Songambele anayeipigia kwaya kinanda, ambaye ametenga chumba cha uani kwa mazoezi: "Shikamoo mwalimu. Eti nichukue sabufa ya wati ngapi?" Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Leo naliandikia, ili atakayeuliza tena nimpe asome.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi la sabufa ni uongo. Sisemi zimetiwa chumvi, nasema hazipo. Chukua ile iliyoandikwa wati 5,000 kwa herufi kubwa za njano, na pembeni herufi nne: PMPO. Nyuma ya herufi hizo hakuna kipimo chochote kinachokubalika, kila kiwanda kinajaza namba kinayoitaka. Sasa igeuze. Pale waya wa umeme unapoingilia kuna kibandiko kidogo ambacho muuzaji hakuonyeshi, kimeandikwa mathalani 220–240V, 50Hz, 40W. Hizo 40 ndizo wati ambazo chombo kizima kinavuta ukutani, pamoja na redio yake na taa zake za rangi. Spika haiwezi kutoa nguvu ambayo haikuingia.

Kama huniamini mimi, iamini LUKU. Wati 5,000 kwa saa moja ni uniti tano. Ni sawa na kuwasha pasi tano za wati 1,000 kwa pamoja. Nani kati yenu amewahi kusikiliza muziki saa moja akakuta uniti tano zimekwenda? Plagi ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, inabeba wati kama 3,000 tu, kwa hiyo kwa wati hizo 5,000 fyuzi ingekuwa imeungua zamani. Linganisha basi waya wa sabufa na waya wa pasi, uone upi mnene. Wamarekani waliuchoka mchezo huu mapema. Mwaka 1974 waliweka kanuni ya kuwabana wauzaji wa amplifaya za nyumbani wataje wati ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo. Sisi bado tunasoma maboksi.

Na hata kama wati za kwenye boksi zingekuwa za kweli, bado swali ni baya. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati moja tu, mtu aliyekaa mita moja mbele yake anapata sauti ya desibeli 85 au zaidi kidogo. Desibeli 85 ndicho kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini hawataki mfanyakazi akae nacho zaidi ya saa nane kwa siku. Wati moja! Tena sikio halihesabu kama duka: ili uone sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Yamaha PSR-E373, ambayo wanafunzi wengi wanaanzia, ina wati 2.5 kila upande, na bado mama anapiga kelele kutoka jikoni kwamba upunguze.

Anachohitaji mwanafunzi ni usawa, kila ufunguo usikike kwa uzito ule ule aliougusa nao. Kinanda cha funguo 61 kinaanzia C ya hezi 65, na C ya kati ina hezi kama 262. Mkono wa kushoto unaishi humo, na humo ndimo sabufa inapoharibikiwa. Vile vispika vidogo vinavyokuja nayo haviwezi kushuka chini, kwa hiyo spika kubwa ya besi inabebeshwa yote, nayo imetengenezwa ivume kwenye sauti chache zinazofurahisha kwenye Bongo Fleva.

Mwaka jana, huko huko Songambele, nilimkalisha mpiga kinanda mmoja mbele ya sabufa yake, nikamwambia apige besi peke yake ya "Mfurahini, Haleluya", ule wimbo wa Pasaka wa tuni ya Kihaya ulioandikiwa maneno na Mchungaji Bernard Kyamanywa. Nota mbili zilitikisa kijiko ndani ya kikombe mezani. Iliyofuata haikusikika kabisa. Nikaelewa kwa nini kanisani besi yake inayumba: kidole kilikuwa kimejifunza kuzigusa kwa woga zile nota mbili, na kuzitwanga zile zinazomezwa. Mazoezi ya miezi minane yamefundisha kosa. Hilo ndilo linaloniuma.

Chumba nacho kinachangia. Kuta mbili zilizoachana futi kumi zinakuza sauti ya hezi 112 hivi, jirani kabisa na A ya kwanza kutoka kushoto, yenye hezi 110. Weka sabufa kwenye kona, umezidisha. (Trei za mayai ukutani hazigusi besi hata kidogo. Wapelekeeni kuku.)

Haya, cha kununua. Kama unapiga usiku, au mvua inanyesha juu ya bati, hedfoni ya kufunika sikio lote. Hakuna spika inayoishinda mvua ya bati. Ya Bluetooth usichukue, sauti inachelewa kuliko kidole. Ukiwa na pesa zaidi, spika mbili za studio zenye amplifaya ndani na koni ya inchi tano. Zichomeke kwenye tundu la hedfoni la kinanda kwa waya unaogawa kushoto na kulia, uziweke usawa wa masikio, mbali na kona, zikiachana kadiri ulivyo mbali nazo. Ukitaka ya kubeba hadi kanisani, spika moja ya amplifaya yenye koni ya inchi kumi na tweta. Kwenye sola ndogo, baki na hedfoni. Na kama sabufa umeshanunua, itoe konani, punguza kitufe cha besi mpaka mkono wa kushoto ulingane.

Dukani beba kinanda chako. Zima kipengele kinachopima nguvu ya kidole, ili funguo zote zitoke sawa, chagua sauti ya piano, kisha gonga ufunguo mmoja mmoja, mweupe na mweusi, kuanzia wa kushoto kabisa hadi C ya kati. Nota ikiruka juu au ikizama, rudi uigonge tena ukiwa umesogea hatua mbili. Ikibaki vile vile, spika hiyo iache. Muuzaji akikukatalia kuchomeka, akakuonyesha boksi, nenda duka la pili.