Kina cha Bahari na Mwendo wa Mawimbi: Mfano wa Tsunami ya Mwaka 2004

Uso wa maji uliotulia unapotikiswa, nguvu mbili huurudisha mahali pake: uvutano wa dunia na mkazo wa uso. Maji yanaporudi hupitiliza kiwango cha utulivu, hurudishwa tena, na mtikisiko huo husambaa kama wimbi. Mkazo wa uso hutawala viwimbi vidogo tu. Katika maji, mpaka ni umbali wa takriban sentimita 1.7 kutoka kilele hadi kilele. Hapo wimbi huenda polepole kuliko mengine yote, kiasi cha sentimita 23 kwa sekunde. Juu ya kipimo hicho, uvutano wa dunia ndio unaotawala.

Mwendo wa wimbi si mwendo wa maji. Katika kina kirefu kila chembe ya maji huzunguka na kurejea karibu na ilipoanzia. Kinachosafiri ni nishati. Mizunguko hiyo hupungua kadiri ya kina, na kwenye kina kilicho sawa na nusu ya urefu wa wimbi (yaani umbali wa kilele hadi kilele, wala si kimo chake) mtikisiko huwa umekaribia kutoweka. Hivyo, katika bahari kuu, wimbi la upepo lenye urefu wa mita 100 halina habari na sakafu ya bahari. Mwendo wake, takriban mita 12.5 kwa sekunde, huamuliwa na urefu wake.

Tsunami ni kinyume chake. Urefu wake hufikia mamia ya kilomita, ilhali kina cha bahari ni kilomita chache. Kwa wimbi la namna hiyo, Bahari ya Hindi nzima ni maji ya kina kifupi, na mwendo wake ni kipeuo cha pili cha zao la mchapuko wa uvutano na kina. Kwenye kina cha mita 4,000 jawabu ni takriban mita 198 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Kwenye mita 10 ni kilomita 36 kwa saa tu. Sehemu ya mbele hupunguza mwendo huku ya nyuma ikiendelea kuja kwa kasi, nishati hubanwa, na kimo hupanda. Kimo hukua kwa kinyume cha kipeuo cha nne cha kina: sentimita 60 kwenye mita 4,000 huwa karibu mita 2.7 kwenye mita 10. Kuiita tsunami maji kujaa ni kosa, kwani mwezi hauhusiki.

Tarehe 26 Desemba 2004, saa mbili hivi baada ya tetemeko la Sumatra, setilaiti ya Jason-1 ilipima kimo cha takriban sentimita 60 katika bahari kuu. Chombo kilichokuwa juu yake kisingehisi kitu. Wimbi lilifika Somalia, umbali wa takriban kilomita 5,000, baada ya saa saba hivi, kama kanuni inavyotabiri. Saa hizo saba zilitosha kuhamisha watu. Nchini Kenya fukwe ziliondolewa watu, na aliyeripotiwa kufa ni mmoja. Somalia, ambako tahadhari haikuwafikia wavuvi wa Hafun, walikufa takriban 300.