Ghuba ya Tanga: mafuta yakimwagika, kiokolewe nini kwanza?

 

Tarehe 25 Julai 2020 meli kubwa iitwayo MV Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe huko Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa Mauritius. Haikuwa meli ya mafuta, wala haikuwa na shehena. Ilichukua mafuta ya kuendeshea injini zake tu, takriban tani 4,000. Zikapita siku 12. Tarehe 6 Agosti tangi likapasuka, na tani zipatazo 1,000 zikaingia katika maji ambayo jirani yake ni hifadhi ya bahari ya Blue Bay. Watu wa kisiwa kile, wazee kwa vijana, wakakesha wakishona vizuizi vya kuelea kwa majani makavu ya miwa, chupa tupu na hata nywele za vinyozi. Mwenye moyo hawezi ila kuwaheshimu. Hata hivyo, kizuizi kinachoshonwa wakati mafuta yameshaingia ghubani ni kizuizi kilichochelewa.

Habari hii inatuhusu. Mwezi Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na limesanifiwa kupitisha hadi mapipa 246,000 kwa siku. Mwisho wa bomba ni matangi na gati la kupakilia meli, katika maji yale yale yenye mikoko, nyasi za bahari na miamba ya matumbawe. Karibu yake ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Sikuja kubishana kama bomba ni jema au baya. Hilo limeshasemwa sana. Ninalouliza ni hili: ajali ikitokea usiku wa manane, nani anajua cha kufanya?

Wanafunzi wa fiqhi wanalijua neno al-aham fal-aham, lililo muhimu zaidi kisha linalofuatia. Wataalamu wa mafuta nao hufanya vivyo hivyo. Huchora ramani ya pwani na kuipa kila sehemu daraja. Mwamba mtupu unaopigwa na mawimbi uko chini, kwa kuwa bahari yenyewe huusafisha. Mikoko iko juu kabisa, kwa kuwa mafuta huziba mizizi yake ya kupumulia, mti ukafa umesimama. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika kijito cha Makupa, Mombasa, na mikoko ya eneo la hekta zipatazo 10 ikaangamia. Vizuizi havitatosha kuzunguka ghuba nzima, hivyo lazima ijulikane mapema ni mlango wa kijito kipi utafungwa kwanza na ufukwe upi utaachwa upokee mafuta. Uamuzi huo ni mzito. Ukiachwa hadi siku ya ajali, utafanywa na mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Tena kuna mambo ambayo ramani ya ofisini haiyajui. Kizuizi cha kuelea hushindwa pale mkondo unapokipiga moja kwa moja kwa kasi inayozidi takriban kilomita 1.3 kwa saa, mwendo wa polepole kuliko mtu atembeaye. Mafuta hupita chini yake. Wakati wa bamvua, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na katika vijito hukimbia mbio. Ndiyo maana kizuizi hutegwa kwa mshazari, ili kiyaongoze mafuta hadi mahali penye maji tulivu yakachotwe. Mahali hapo ni wapi? Muulizeni nahodha wa ngalawa. Na kutega huko kujaribiwe siku ya bamvua, si siku ya maji mafu mbele ya wageni waheshimiwa.

Mafuta yenyewe ya Uganda yana nta nyingi, na ndiyo sababu bomba linapashwa moto. Yakikutana na maji ya bahari yatashikana mabonge, mithili ya mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Mashine za kunyonya mafuta mepesi huenda zisifae kitu. Huenda nyavu zikafaa zaidi. Lakini mafuta ya injini za meli, kama yale ya Wakashio, ni mengine kabisa. Basi ghala la vifaa lipangwe kwa aina zote mbili. Kemikali za kutawanya mafuta nazo zisiachiwe mtu aamue kwa hofu: katika maji mafupi juu ya matumbawe zinaweza kuongeza madhara. Na vijana wenye nia njema wasiingie mikokoni na majembe, kwa kuwa nyayo huyashindilia mafuta ndani ya tope.

Pia kusi hauheshimu mpaka. Ukivuma, mafuta ya Tanga yanaweza kuelekea Moa, kisha Vanga nchini Kenya. Wavuvi wa huko nao wawe na nafasi katika mpango.

Limebaki suala la haki. Tanzania ni mwanachama wa mfuko wa kimataifa wa mwaka 1992 unaofidia madhara ya mafuta yanayomwagika kutoka meli za mafuta. Meli isiyo ya mafuta ina sheria nyingine, na mfuko huo hauigusi. Kwa vyovyote vile, mdai hutakiwa aonyeshe alichokuwa akipata kabla ya ajali. Mwenye boti na mizani ana karatasi. Mama anayesaka pweza maji yakitoka, akauza jioni kwa fedha taslimu, ana nini? Sisi tumeamrishwa kuandika hata madeni yetu, basi na hili liandikwe: vikundi vya BMU na wazee wa misikiti waweke daftari la kila kijiji, wakitaja nani anavua wapi, msimu gani, na anapata kiasi gani. Anayeokota chaza Chongoleani naye aandikwe, kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mumewe.