Kipima Valvu cha Kujiundia katika Jamii ya Mafundi wa Redio Marekani

Waendeshaji wa redio za ridhaa na wakarabati wa redio kuukuu nchini Marekani humheshimu fundi anayejiundia vyombo vyake, na kipima valvu, kifaa cha kupimia valvu za utupu za redio, ni kimoja kati ya vile vinavyompa mtu heshima hiyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 haja ya kujiundia ilikuwa ndogo. Mashine za kupimia zilikuwa madukani, hata kwenye maduka ya dawa: mwenye televisheni mbovu alichomoa valvu zake, akazipima mwenyewe, akanunua nyingine papo hapo. Transista zilipoenea, mashine hizo zikatoweka, na vipimio vya kiwandani vilivyosalia, kama vile vya kampuni ya Hickok, vikawa ghali.

Ndiyo maana fundi hujiundia kisanduku chake cha kupimia kwa vilivyopo: transfoma iliyong'olewa kwenye redio iliyokufa, soketi za pini saba, nane na tisa, mita, swichi na fyuzi. Valvu nyingi za Marekani huhitaji volti 6.3 za kupashia joto. Anodi hupewa volti 250 hivi, na gridi volti chache hasi zinazoweza kurekebishwa.

Upimaji una utaratibu wake. Kwanza hukaguliwa kama ndani kuna shoti, kisha valvu huachwa ipate moto. Valvu ya 6V6, ikipewa volti 250 na gridi ikiwekwa volti hasi 12.5, hupitisha takriban miliampea 45 ikiwa nzima. Halafu gridi husogezwa kwa volti moja. Mkondo ukibadilika kwa miliampea nne hivi, valvu ina nguvu. Kipimo hiki cha pili ndicho cha kuaminika, kwa sababu valvu inaweza kupitisha mkondo wa kutosha na bado ikashindwa kukuza sauti.

Umeme wa volti 250 unaua, na hapo jamii hii haina mzaha. Kabla ya kushika chuma cha kulehemu, mgeni hufundishwa kuweka mkono mmoja mfukoni anapogusa saketi yenye umeme, na kumaliza chaji ya kapasita kwa rezista hata baada ya kuzima. Mkongwe anayemlea mgeni huitwa Elmer, jina lililoenea kupitia QST, jarida la redio za ridhaa, mwaka 1971, na hatozi ada.

Vipimo pia ndivyo msingi wa uaminifu sokoni. Katika magulio kama lile la Hamvention, maonyesho ya Ohio yaliyoanza mwaka 1952, muuzaji mwadilifu huandika vipimo juu ya boksi la valvu, na mnunuzi hukisia bei kwa kutazama vipimo hivyo. Mwenzao anapofariki, marafiki huisaidia familia kupanga vifaa vyake. Valvu hupimwa moja moja, nzima zikatengwa na mbovu, ili wafiwa wasije wakauza mali ya thamani kwa bei ya takataka.