Kwa Nini Mafuta ya Breki ya Pikipiki Huwa Meusi

Wakulima wengi katika skimu za makazi hupeleka maziwa na viazi sokoni kwa pikipiki. Mwenye pikipiki hukumbuka mafuta ya injini, lakini mafuta ya breki huyasahau mpaka siku breki inapokataa kushika.

Tazama kile kikopo kilicho kwenye usukani, karibu na mkono wa breki ya mbele. Mafuta mapya huwa maangavu, au ya manjano kidogo. Yakikaa hugeuka kahawia kama chai ya rangi, na mwisho huwa meusi. Sababu zake ni tatu.

Kwanza ni joto. Pedi zinapobana diski, mwendo hugeuka kuwa joto, na joto hilo huyaunguza mafuta polepole.

Pili ni uchafu wa mipira. Mipira midogo inayozuia mafuta yasivuje husuguliwa kila siku, na vumbi lake jeusi huingia katika mafuta.

Tatu ni maji. Mafuta haya huvuta unyevu wa hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Unyevu hupenya hata katika bomba la mpira, na maji huleta kutu.

Hatari kubwa ni hayo maji. Mafuta mapya ya DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Sentigredi. Yakiingiwa na maji asilimia 3.7 tu, kiwango hicho huweza kushuka mpaka nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea. Basi mkono wa breki hufika kwenye usukani na pikipiki isisimame. Fikiria mtu anayeteremka kutoka Kinangop kwenda Naivasha na makopo ya maziwa, naye ameshika breki njia nzima!

Klachi ya pikipiki nyingi ndogo huvutwa kwa waya, wala haina mafuta. Lakini ile inayotumia mafuta hupatwa na taabu hiyo hiyo.

Basi, fanya hivi:

1. Badilisha mafuta kila baada ya miaka 2, hata kama rangi ingali nzuri, kwa sababu maji hayaonekani kwa macho.

2. Soma maandishi ya kifuniko, DOT 3 au DOT 4, ununue aina hiyo katika kopo ambalo halijafunguliwa.

3. Usitie kamwe mafuta ya injini. Huvimbisha mipira na kuharibu breki.

4. Wakati wa kubadilisha, kikopo kisikauke, hewa isije ikaingia.

5. Mafuta haya ni sumu, tena hula rangi ya pikipiki. Yakimwagika, osha kwa maji mengi. Yaweke mbali na watoto.

Na unapoteremka mlima, tumia gia ndogo, ili injini isaidie kupunguza mwendo. Kesho asubuhi, kabla ya kupakia maziwa, kitazame kile kikopo.