Rubi ya Longido

Rubi ya Longido ni kito chekundu kinachochimbwa katika Wilaya ya Longido, Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Mlima Meru, hasa huko Mundarara. Mara nyingi hupatikana ndani ya zoisiti ya kijani. Mwamba huo wa rangi mbili huitwa anyoliti, jina lililotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya "kijani".

Rubi ni oksidi ya alumini, ambayo ikiwa safi haina rangi. Wekundu huletwa na kiasi kidogo cha metali ya kromi kilichochukua nafasi ya alumini. Kila ioni ya kromi ina elektroni tatu zisizo na wenzi, na spini zake zote huelekea upande mmoja. Spini ni tabia inayoifanya elektroni iwe kama sumaku ndogo sana. Wengi huifananisha na pia inayozunguka, lakini mfano huo usichukuliwe neno kwa neno.

Mwanga wa jua ukipita ndani ya rubi, kromi hunyonya rangi ya kijani na ya urujuani, ambazo haziidai elektroni igeuze spini. Nyekundu hupita. Kisha ioni hushuka haraka hadi hali ambayo spini moja imegeuka, na hapo hukwama: ili irudi chini lazima spini igeuke tena, jambo ambalo mwanga hulifanya kwa shida. Hukaa hivyo kwa takriban milisekunde 3 hadi 4, muda mrefu mno kwa elektroni, ndipo itoe mwanga mwekundu wa nanomita 694. Kuchelewa huko ndiko kulikomwezesha Theodore Maiman kutengeneza leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960, kwa rubi iliyotengenezwa na binadamu.

Kwa wauzaji na wanunuzi wa vito mjini Arusha, mwanga huo ni msaada wa kweli. Chini ya tochi ya urujuanimno rubi yenye chuma kidogo hung'aa nyekundu, ilhali garneti nyekundu, ambayo huweza kudhaniwa kuwa rubi, haing'ai. Chuma kingi hufifisha mng'ao hata katika rubi halisi. Tena rubi ya maabara hung'aa vilevile, mara nyingi kuliko ya ardhini, hivyo anayetegemea tochi pekee anaweza kulipia jiwe la kiwandani kwa bei ya jiwe la Mundarara.