Jina na Kipimo katika Taka za Majimaji zenye Mionzi

Neno "daraja" humfanya msikiaji adhani kwamba kitu kitajwacho kimekwisha pimwa. Asikiapo "taka zenye mionzi za daraja la juu" huona kwamba mionzi yake imehesabiwa, na hesabu ikatokea kubwa. Katika sheria ya Marekani jambo hili si jepesi hivyo. Sheria ya mwaka 1982 juu ya taka za nyuklia huzieleza taka za daraja la juu kwa asili yake kwanza, yaani ni vile vitu vyenye mionzi mingi vitokanavyo na kuichakata fueli iliyokwisha tumika katika tanuri za atomiki ili kutoa plutoniamu na uraniamu.

Kiswahili kina majina ya namna zote mbili. Machicha ni machicha kwa sababu ya asili yake: nazi iliyokunwa ikakamuliwa. Yakibaki na tui jingi au yasibaki na tone, jina halibadiliki. Lakini maji ya moto hupotewa na jina lake mara yapoapo. Swali lililowasumbua wanasheria na wanakemia ni hili: je, taka za daraja la juu zahesabiwa pamoja na machicha, au pamoja na maji ya moto?

Mahali penye uzito mkubwa wa swali hili ni Hanford, katika jimbo la Washington, kando ya mto Columbia. Plutoniamu ilitengenezwa huko tangu mwaka 1944, na taka zake zikamiminwa katika matangi yaliyofukiwa ardhini. Matangi hayo ni 177. Kati yake 149 yana ukuta mmoja wa chuma, nayo yalijengwa kati ya 1943 na 1964. 28 yaliyofuata yana kuta mbili. Kwa miaka mingi akiba iliyomo imekadiriwa kuwa karibu lita milioni 212.

Fueli iliyeyushwa kwa asidi, na asidi ingalikula chuma cha kawaida cha matangi. Kwa hiyo taka zilitiwa hidroksidi ya sodiamu mpaka ukali wa asidi ukaisha. Jambo hili liliokoa chuma, lakini lilizaa tabu nyingine, kwani metali nyingi haziwezi kukaa ndani ya maji ya namna hiyo, zikajitenga na kutuama. Ndiyo sababu ndani ya tangi moja huweza kuwamo matabaka matatu: chini mashapo mazito, kisha chumvi iliyoganda, na juu maji. Strontiamu na plutoniamu kwa sehemu kubwa zimo katika mashapo. Sesiamu hukaa zaidi katika maji na chumvi. Mtu achotaye maji ya juu peke yake amepima tui, hakupima chicha.

Maji huchotwa kwa njia ambayo mvuvi yeyote angeielewa: chupa yenye kizibo huteremshwa kwa kamba kupitia bomba la juu ya tangi, na ifikapo kina kitakiwacho kizibo huvutwa. Mashapo na chumvi hutaka nguvu zaidi. Bomba jembamba husukumwa, au huzungushwa kama keekee, likatoka na nguzo ya taka vipande vipande, kila kipande kikijulikana kilitoka kina gani. Katika maabara watu hufanya kazi kwa mikono ya mitambo nyuma ya vioo vinene. Sesiamu-137 hujulisha kuwapo kwake kwa miali ya gama yenye nguvu maalumu, kwa hiyo kuihesabu si kazi kubwa. Strontiamu-90 haina alama ya namna hiyo. Sharti itenganishwe na vinginevyo kwa kemia kwanza. Plutoniamu nayo hutenganishwa, ikahesabiwa kwa chembe zake za alfa. Taka zenye zaidi ya bekereli 3,700 katika kila gramu, zitokazo katika elementi nzito kupita uraniamu zitoazo alfa na zidumuzo, huingia katika fungu jingine la sheria, maadamu hazihesabiwi kuwa za daraja la juu.

Kutojua yaliyomo kuna hatari yake. Tarehe 29 Septemba 1957, huko Mayak katika milima ya Ural, mtambo wa kupoza tangi moja uliharibika. Taka zikapata joto, zikakauka, na chumvi zilizobaki zikalipuka. Huko Hanford tangi SY-101 lilikuwa likijaza hidrojeni ndani ya taka na kuitoa kwa ghafula, mpaka pampu ya kukorogea ilipotiwa mwaka 1993.

Sasa turudi kwenye sheria. Maneno "vyenye mionzi mingi" yaweza kuwa sifa ya kueleza tu, kwamba vitu vyote vya asili hiyo ndivyo vilivyo. Au yaweza kuwa sifa ya kubagua, kwamba ni vile tu vyenye mionzi mingi ndivyo vikusudiwavyo. Ni tatizo lile lile la "watoto wadogo wa Juma": je, Juma anao wakubwa? Mwaka 2019 Wizara ya Nishati ya Marekani ilitangaza kwamba yaisoma sifa hiyo kuwa ya kubagua, hata taka za asili hiyo zikipimwa na kuonekana dhaifu zaweza kutoka katika daraja la juu. Jimbo la Washington lilipinga usomaji huo, nalo lilikuwa na haki ya kuogopa, kwa kuwa jina ndilo liamualo kama taka zitazikwa chini sana au karibu na uso wa ardhi. Mwaka 2020 galoni 8 za majitaka ya Savannah River, South Carolina, zilipelekwa Texas kwa kufuata usomaji huo mpya.

Kwa mtunga istilahi za Kiswahili, neno "kiwango" lafaa pale tu hesabu ilipokwisha fanywa. Pale sheria itajapo asili, "jamii" au "aina" ni maneno ya kweli zaidi, hata kama tafsiri itaonekana kuachana na Kiingereza.